Kusasisha, kupandisha toleo, kuhamia na kugeuza: matumizi katika usanifu wa bodi za saketi

Tuchukue mfano wa mwalimu wa fizikia huko Makwale, wilayani Kyela, na kijana aliyepata kuwa mwanafunzi wake, ambaye sasa anasomea elektroniki mjini Mbeya. Wawili hawa wanasanifu bodi ndogo ya saketi itakayopima joto ndani ya masanduku ya kuvundikia kakao. Mkulima wa kakao huvundika mbegu kwa siku kadhaa kabla ya kuzianika, na joto la ndani ya sanduku humwonyesha kama uvundikaji unakwenda sawasawa. Mwalimu anachora saketi kwenye kompyuta yake ya zamani. Kijana anapanga vijenzi juu ya bodi. Faili linakwenda Mbeya na kurudi Makwale kwa njia ya simu.

Siku moja kijana anaandika: "Shikamoo, mwalimu. Faili la bodi nimeliboresha. Lifungue uone." Mwalimu anajibu: "Marahaba, mwanangu. Ndaga." Kwa kuwa kompyuta yake imejaa, anafuta nakala ya zamani, anaweka mpya mahali pake, kisha anajaribu kuifungua. Programu inakataa. Inamweleza kwamba faili hilo liliandikwa kwa toleo jipya kuliko lile alilo nalo.

Hakuna aliyesema uongo. Kijana alikuwa amefunga toleo jipya la programu, akafungua faili, akasogeza vijenzi viwili, akahifadhi. Bodi kweli ilikuwa bora kuliko jana. Lakini kitenzi -boresha hakikumwambia mwalimu jambo alilohitaji kulijua kabla ya kufuta nakala yake: kwamba faili lilikuwa limegeuzwa, na kwamba kwa kompyuta ya Makwale njia ya kurudi ilikuwa imefungwa.

Mfano huu ni wa kubuni, ila kosa lililomo ni la kila siku. Mwanafunzi husoma maelekezo ya programu kwa Kiingereza, kisha huyaeleza kwa Kiswahili. Na mara nyingi upgrade, update na migrate zote hutoka mdomoni mwake zikiwa "kuboresha". Makala hii inatenganisha vitenzi vinne ambavyo mfasiri na mwalimu wanahitaji katika somo hili, kila kimoja kikiwa na kazi yake: -sasisha, -pandisha toleo, -hamia na -geuza. Hoja yake ni moja: kitenzi kizuri cha Kiswahili hapa ni kile kinachomwambia mtumiaji kama ataweza kurudi alikotoka.

Jambo lenyewe linavyotokea

Programu ya kusanifu bodi za saketi humwezesha mtu kuchora mchoro wa saketi, yaani alama za vijenzi na nyaya zinazoviunganisha, kisha kupanga vijenzi hivyo juu ya bodi na kuvuta njia za shaba kati yake. Kazi yote huhifadhiwa katika mafaili. Kwa hiyo kuna vitu viwili ambavyo lugha yetu lazima ivitenganishe tangu mwanzo: programu, ambayo ni chombo, na faili, ambalo ni kazi iliyofanywa kwa chombo hicho. Kubadilika kwa kimoja si lazima kuwe kubadilika kwa kingine.

Programu inayowafaa wengi wasio na fedha za leseni ni KiCad. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Grenoble, Ufaransa, nayo ni programu huria: mtu yeyote anaweza kuipakua, kuitumia na kuigawa bila malipo. Toleo lake la 5 lilitoka mwaka 2018, la 6 mwishoni mwa mwaka 2021, la 7 mwaka 2023, la 8 mwaka 2024 na la 9 mwaka 2025.

Hatua ya kutoka toleo la 5 kwenda la 6 ndiyo inayofaa zaidi kwa mafunzo. Katika toleo la 5 faili la mchoro liliishia kwa .sch, katika toleo la 6 linaishia kwa.kicad_sch, na muundo wake wa ndani ni mwingine kabisa. Faili la mradi nalo lilitoka .pro likawa .kicad_pro. Lakini faili la bodi lilibaki na mwisho uleule, .kicad_pcb, ingawa ndani yake kuna mambo ambayo toleo la 5 haliyajui. Hapo ndipo mtego ulipo. Mchoro ukihifadhiwa upya huandikwa kwa jina jipya, na jina lenyewe humwambia mtu kwamba kuna kilichobadilika. Faili la bodi halina dalili hiyo: jina ni lilelile, na nakala mpya huandikwa juu ya ile ya zamani.

Toleo

Toleo (wingi: matoleo) ni nomino ya ngeli ya LI-YA, inayotokana na kitenzi -toa. Wasomaji wa kamusi hawahitaji kuelezwa sana maana yake, kwa sababu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, ikafuatiwa na toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Serikali nayo hulitumia neno hili vivyo hivyo: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 hutajwa pamoja na maneno "Toleo la 2023", kuonyesha kwamba sera ni ileile ila maandishi yake yamepitiwa upya.

Kamusi inatupatia pia mfano ulio wazi wa upande mmoja wa jambo hili. Mwenye toleo la 2013 anaweza kusoma maandishi ya mwaka 1981 bila taabu. Mwenye toleo la 1981 akikutana na neno lililoingia katika lugha baadaye, atalitafuta na hatalipata. Kamusi yake haijaharibika. Ilitungwa kabla neno hilo halijazaliwa. Programu nazo ni hivyo. Toleo jipya kwa kawaida husoma faili la zamani. Toleo la zamani haliwezi kusoma faili jipya, kwa kuwa halikufundishwa maneno yake. Mwalimu akianza somo kwa mfano huu, wanafunzi hushika mara moja ni upande upi ulio wazi na upi uliofungwa.

Tutofautishe toleo na chapa. Kitabu kikichapwa tena bila kubadilishwa maneno, hiyo ni chapa nyingine ya toleo lilelile. Mwanafunzi anayenakili faili kwenye diski mweko hajatengeneza toleo jipya, ametengeneza nakala.

Namba za matoleo husomwa kwa neno "nukta": 6.0.2 ni "sita nukta sifuri nukta mbili". Namba ya kwanza pekee huweza kutajwa kwa mpangilio, "toleo la sita", zikiwa zaidi ya moja, hutajwa kama zilivyo, "toleo la 6.0.2". Tahadhari: 5.1.10 ni toleo la baadaye kuliko 5.1.9, kwa sababu nukta hizi si za desimali. Hapa wanafunzi wengi wazuri wa hisabati hukosea.

-sasisha

Kitenzi hiki kimeundwa kutokana na kielezi "sasa" kwa kuongezwa kiambishi cha kusababisha, kama ilivyo hakika na -hakikisha, rahisi na -rahisisha. Maana yake ni kukifanya kitu kiwe cha wakati wa sasa. Nomino zake ni sasisho (wingi: masasisho) na usasishaji.

Kitumike kwa mabadiliko madogo yanayorekebisha kasoro bila kubadili namna kazi inavyohifadhiwa. Mtu anayetoka KiCad 6.0.1 kwenda 6.0.2 anasasisha. Ndani ya mfululizo mmoja wa matoleo thabiti, watunzaji wa programu hii hawabadili umbizo la mafaili. Hivyo mwenye 6.0.1 na mwenye 6.0.2 wanaweza kupeana kazi bila wasiwasi.

Mfano: Nilisasisha programu jana usiku, mafaili yetu yako vilevile.

-boresha na -pandisha toleo

Kitenzi -boresha kinatokana na "bora". Kiambishi chake ni -esh- na si -ish-, kwa kufuata irabu o iliyo katika shina. Linganisha -safisha na -fupisha. Ni kitenzi kizuri, ila kina hukumu ndani yake: anayesema ameboresha kitu anadai kwamba sasa ni kizuri kuliko awali. Dai hilo huweza kuwa kweli kwa mtu mmoja na lisiwe kweli kwa mwingine. Kwa kijana mwenye kompyuta mpya, toleo la 6 ni bora. Kwa mwalimu ambaye kompyuta yake ina Windows ya zamani na kumbukumbu ndogo, huenda toleo hilo lisifanye kazi kabisa. Na kulipakua tu kunaweza kummalizia bando la mwezi.

Kwa hiyo tunapendekeza -boresha kiachiwe kazi yenyewe: Nimeboresha mpangilio wa bodi; njia za shaba sasa ni fupi zaidi. Kuhusu programu, tutumie -pandisha toleo.

Walimu wanalijua neno -pandisha kutokana na kupandishwa daraja. Mwalimu aliyepandishwa daraja si lazima awe amekuwa hodari kuliko juzi. Barua inasema tu kwamba yuko ngazi nyingine, na kwamba mambo kadhaa yanayohusu ngazi hiyo yamebadilika. Ndivyo programu inavyotoka 5 kwenda 6. Kitenzi hakisifu wala hakilaumu. Kinataja ngazi, na msikilizaji huuliza mwenyewe: kutoka ngapi hadi ngapi?

Mfano: Nimeipandisha KiCad toleo, kutoka la 5 hadi la 6.

Kinyume chake kinahitaji uangalifu. "Kushusha toleo" kunaweza kueleweka vibaya, kwa kuwa wengi husema "kushusha" wakiwa na maana ya kupakua kutoka kwenye intaneti. Ni salama zaidi kusema kurudi toleo la 5 au kurejesha toleo la 5. Mfasiri asisahau pia kwamba anayerudi ni mtumiaji pamoja na programu yake. Faili lililokwisha hifadhiwa kwa toleo la 6 halirudi nao.

-hama na vinyambuo vyake

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina katika neno moja. Tazama jinsi kila kiambishi kinavyoongeza habari:

-hama: kuondoka mahali pa makazi na kwenda kuishi pengine. Anayehama huhama mwenyewe.
-hamia: kuhama na kufika mahali palipotajwa.
-hamisha: kukitoa kitu au mtu mahali pamoja na kukipeleka pengine.
-hamishia: kuhamisha na kufikisha mahali palipotajwa.
-hamishwa: kuhamishwa na mwingine, kwa kupenda au kutopenda.

Nomino nazo zimegawana kazi. Uhamiaji umezoeleka kwa watu wanaoingia nchini au kutoka, na ndilo jina la idara ya serikali. Uhamisho ni agizo au tukio la kumtoa mtumishi kituo kimoja kwenda kingine. Uhamishaji ni kitendo chenyewe cha kuhamisha vitu, nalo ndilo neno linalofaa kwa mafaili: uhamishaji wa michoro, uhamishaji wa maktaba.

Kuhama si kubadilisha ngazi nyumbani kwako. Ni kuiacha nyumba. Wanyakyusa wa Kyela na Rungwe waliwahi kuwa na desturi inayoonyesha jambo hili vizuri, iliyoelezwa na Monica Wilson katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951: vijana wa rika moja waliondoka kwa wazazi wao wakajenga kijiji chao wenyewe. Kwa muda mrefu waliendelea kwenda kula kwa mama zao, ingawa walilala kwao. Kuhama hakukukata mafungamano siku moja. Kulihitaji kipindi cha kuishi pande mbili. Watu wanaohamia programu mpya hupitia kipindi kama hicho, wakichora kazi mpya kwa programu mpya na kuiacha ya zamani ikiwa imefungwa kwenye kompyuta kwa ajili ya kazi za nyuma.

Watanzania walizoea matumizi haya walipohamia utangazaji wa dijitali. Mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata. Televisheni ya zamani haikuweza kupokea matangazo mapya yenyewe, ilihitaji king'amuzi. Jina hili zuri, linalotokana na -ng'amua, linaeleza kazi yake: kufahamu kile ambacho televisheni peke yake haikifahamu. Tofauti na televisheni, KiCad ya toleo la 5 haina king'amuzi cha kuiwezesha kusoma faili la toleo la 6. Ndiyo maana onyo la mapema ni la lazima.

Katika usanifu wa bodi, basi, -hamia kitumike mtu anapoiacha programu moja na kushika nyingine. Mfano ulio mbele ya wengi sasa ni EAGLE, programu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988 na kampuni ya CadSoft ya Ujerumani na kutumiwa mno na wanafunzi na watu binafsi. Kampuni ya Autodesk iliinunua mwaka 2016, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba tarehe 7 Juni 2026 ndiyo mwisho wa kuiuza na kuihudumia. Watumiaji wake wamelazimika kuhama. Tangu toleo la 5, KiCad inaweza kusoma michoro na bodi za EAGLE za toleo la 6 na kuendelea, zile zilizohifadhiwa kwa umbizo la XML.

Mifano: Chuo kilihamia KiCad. (Chuo ndicho kilichokwenda.)
Tumehamishia michoro yetu yote KiCad. (Sisi ndio tulioipeleka, na tunawajibika kuikagua.)
Tumehamishwa. (Uamuzi haukuwa wetu.)

Sentensi hizi tatu zinaweza kuhusu tukio moja, nazo zinagawa wajibu kwa namna tatu. Mfasiri anayeandika "tumehama" kila mahali anapoteza tofauti ambayo lugha ilikwisha mpa bure. Na atakayehamishia kazi zake programu nyingine asidhani kwamba kila kitu kimefika salama: kanuni za usanifu, maeneo yaliyojazwa shaba na nyayo za vijenzi huhitaji kukaguliwa kimoja kimoja kabla ya bodi kupelekwa kiwandani.

-geuza

Programu hupandishwa toleo, mtu huhamia, faili hugeuzwa. Kitenzi -geuza kinafaa kwa sababu kinaonyesha kwamba kitu ni kilekile lakini kimechukua sura nyingine. Kitenzi -badilisha hakitoshi hapa, kwani "nimebadilisha faili" kunaweza kumaanisha kwamba nimeweka faili jingine mahali pake, au kwamba nimerekebisha yaliyomo. Sura ambayo faili huchukua tunaiita umbizo (wingi: maumbizo), kutokana na -umba.

Tujihadhari na -geuka. Kauli ya kutendeka na vitenzi vinavyofanana nayo humficha mtendaji: faili limegeuka, limeharibika, limepotea. Ni lugha ya kueleza ajali baada ya ajali. Onyo lina kazi ya kumwambia mtu, kabla ya tendo, kwamba mkono wake mwenyewe ndio utakaotenda.

KiCad humwonya mtumiaji anapofungua faili la zamani. Linganisha njia mbili za kulitafsiri onyo la namna hiyo:

Tafsiri dhaifu: Faili hili ni la toleo la zamani. Litaboreshwa.

Tafsiri inayofaa: Faili hili liliandikwa kwa toleo la awali la programu. Ukilihifadhi, litageuzwa kuwa umbizo jipya, na matoleo ya awali hayataweza kulifungua.

Ubora wa tafsiri ya pili umo katika mambo matatu. Kwanza, -ki- ya masharti katika "ukilihifadhi" inataja wakati halisi wa hatari, yaani kuhifadhi. Kufungua na kutazama hakudhuru chochote; mtu anaweza kulifungua, akalisoma, akalifunga bila kuhifadhi, na faili likabaki lilivyokuwa. Pili, "litageuzwa" linaeleza kinachotokea bila kukisifia. Tatu, kishazi cha mwisho kinasema wazi nani atakayeathirika. Kishazi hicho kinaweza kuwa hakimo katika maneno ya Kiingereza. Mfasiri asiogope kukiongeza, kwa kuwa bila hicho msomaji hapati onyo, anapata taarifa.

Maneno mengine ya meza ya fundi

Bodi. Ngeli ya I-ZI. Neno hili lina maana nyingi: bodi ya shule, bodi ya wakurugenzi, bodi ya gari. Katika maandishi litajwe kamili mara ya kwanza, bodi ya saketi, kisha lifupishwe.

Saketi. Ngeli ya I-ZI. Njia kamili ya mkondo wa umeme. Baadhi ya waandishi huandika sakiti. Chagua moja na udumu nayo.

Programu. Ngeli ya I-ZI: programu hii imepandishwa toleo, programu hizi zimesasishwa.

Faili. Husikika katika LI-YA (faili hili, mafaili haya) na I-ZI (faili hii, faili hizi). Makala hii inatumia LI-YA. Kosa kubwa ni kuchanganya ngeli mbili katika hati moja, hasa pale programu na faili zinapotajwa katika sentensi moja. "Ukiihifadhi" na "ukilihifadhi" zitakuwa zinamwambia msomaji ni kipi kinachohifadhiwa, iwapo tu mwandishi ameheshimu upatanisho.

Kijenzi (wingi: vijenzi). Kitu kimoja kinachopachikwa kwenye bodi: kikinzani, kapasita, transista.

Alama. Picha ya kijenzi katika mchoro wa saketi.

Unyayo (wingi: nyayo). Umbo la vipande vya shaba juu ya bodi ambapo miguu ya kijenzi italehemiwa. Kijenzi kimoja huwa na alama moja katika mchoro na unyayo mmoja juu ya bodi; wanafunzi wakivichanganya viwili hivi, bodi huja na matundu yasiyolingana na kijenzi.

Maktaba. Mkusanyiko wa alama au nyayo. Katika KiCad ya toleo la 5 na yaliyotangulia, alama hazikukaa ndani ya faili la mchoro; zilikaa katika maktaba, na nakala zake katika faili la pembeni tunaloweza kuliita maktaba ya akiba. Mtu aliyetuma faili la mchoro peke yake alimfanya mwenzake aone visanduku vyenye alama za kuuliza mahali pa vijenzi. Tangu toleo la 6, alama huwekwa ndani ya faili la mchoro lenyewe. Hivyo anayepandisha mradi wa zamani ahakikishe ana maktaba ya akiba kabla ya kuanza. Bila hiyo, programu mpya haitakuwa na pa kuzitoa alama.

Maelekezo yanavyoandikwa

Mwalimu anayewaandikia wanafunzi hatua za kufuata atumie kauli ya kuamuru iliyo fupi, kitenzi kimoja kwa hatua moja, na atenganishe programu na faili katika kila mstari:

1. Nakili folda nzima ya mradi, si faili moja. Ipe nakala jina lenye toleo na tarehe.
2. Andika mahali panapoonekana toleo la programu analotumia kila mshiriki.
3. Kubalianeni siku ya kupandisha toleo. Mmoja asitangulie.
4. Fungua nakala, si mradi wenyewe, kwa toleo jipya. Kagua alama, nyayo na kanuni za usanifu.
5. Hifadhi pale tu wote watakapokuwa na toleo jipya.
6. Toa pia mafaili ya Gerber na mchoro katika PDF, uyahifadhi pamoja na mradi.

Hatua ya sita inastahili maelezo mafupi. Gerber ni umbizo ambalo viwanda hulitumia kutengeneza bodi. Jina lake linatokana na kampuni ya mvumbuzi Joseph Gerber wa Marekani. Faili la Gerber huonyesha umbo la shaba, tabaka kwa tabaka, na husomeka bila kutegemea toleo la programu iliyolitoa. Halimwezeshi mtu kuendelea kusanifu kwa urahisi, lakini bodi inaweza kutengenezwa kwalo hata kama programu iliyoisanifu imezikwa.

Turudi Makwale. Kilichopotea pale ni nakala pekee ambayo mwalimu angeweza kuifungua, pamoja na mabadiliko yake ambayo kijana hakuwa nayo. Ujumbe wa kijana ungekuwa mrefu kidogo tu kama angeuandika hivi: "Shikamoo, mwalimu. KiCad yangu nimeipandisha toleo, kutoka la 5 hadi la 6. Faili la bodi limegeuzwa, kwa hiyo kwako halitafunguka. Nakala ya zamani usiifute." Kila kitenzi hapo kina mtendwa wake, na sentensi ya mwisho inafuata yenyewe kutokana na zile mbili zilizotangulia. Mwalimu angejibu vilevile, "Marahaba, mwanangu," na wangeendelea na kazi yao.

Tazama pia: chapa, -hifadhi, nakala, -pakua, -rejesha, umbizo.